Kanopi za ndege za karatasi: plastiki bapa, chupa ya soda, au kalibu na moto?

Mtu akishika modeli ya ndege ya karatasi, ile ya kuchapisha, kukata na kubandika, macho yake hayaanzii kwenye bawa. Yanakwenda kwenye kioo. Anataka kuona ndani: kiti kipo? Mikanda ipo? Hapo ndipo kazi ya wiki tatu inapopanda au kushuka thamani. Kanopi, yaani kile kifuniko angavu kilicho juu ya rubani, ni kidogo kama kidole gumba kwenye ndege ya kivita ya kipimo cha 1:33 (yaani modeli ni ndogo mara 33 kuliko ndege halisi), lakini ndiyo sehemu ambayo karatasi peke yake haiwezi kuitengeneza. Lazima uingize plastiki, na plastiki ina tabia zake.

Karibu kila njia ninayoilinganisha hapa nimeijaribu kwa mikono yangu, na baadhi nilizitumia mahali pasipofaa nikapoteza siku nzima. Kwa hiyo nitasema wazi napendelea ipi na kwa nini.

Anza na ganda la chungwa

Wengi huanza kwa kuuliza plastiki gani ni nzuri. Anza na umbo. Karatasi hupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Unaweza kuiviringisha ikawa bomba, au ikawa ile koni ya kufungia karanga, na haitakunjamana. Lakini jaribu kuifunika juu ya chungwa: itajikunja pembeni kila utakavyoivuta. Plastiki bapa ni hivyo hivyo. Ambapo karatasi inakubali kulala, plastiki bapa nayo italala. Ambapo karatasi inakataa, huna budi kutumia moto.

Na jibu mara nyingi limo kwenye karatasi ya modeli yenyewe. Tazama kipande cha kanopi alichochora mbunifu. Ikiwa ni kipande kizima, au vipande vichache vyenye kingo zilizonyooka, umbo hilo hupinda upande mmoja. Ikiwa amekichanachana kama ganda la chungwa lililomenywa, petali zikikutana juu, basi kioo kile kimevimba pande zote mbili.

Messerschmitt Bf 109 E, ndege ya kivita ya Ujerumani, ni mfano mzuri wa aina ya kwanza. Kanopi yake ni kama kibanda cha vioo bapa vilivyoshikwa na fremu nzito, huna haja ya kuwasha jiko. Dakota, yaani DC-3, ambayo East African Airways iliirusha kwa miaka mingi kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, ina vioo bapa vya mbele vilivyokutana kwa pembe. Kioo cha mbele cha Cessna 172, kwa ukubwa wa modeli, kinakubali kuviringishwa kutoka kwenye plastiki bapa. Sasa tazama Mustang, ndege ya kivita ya Marekani. P-51B ilikuwa na kanopi ya fremu, lakini P-51D iliyofuata ilipewa kioo kimoja kilichovimba kama tone la maji, ili rubani aone hadi nyuma. Ndege ni karibu ile ile, ila kwa mtengeneza modeli hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Spitfire za mwanzo, ndege za kivita za Uingereza, ziko katikati: kioo cha mbele unaweza kukikata bapa, lakini kile kifuniko kinachoteleza juu ya kichwa cha rubani kimevimba. Hakuna sheria inayokulazimisha kutumia njia moja kwa ndege nzima. Changanya.

Kuiacha karatasi kama ilivyo

Kwa ndege ndogo, tuseme ya 1:100 ambapo Dakota nzima ina upana wa sentimita 29 hivi, kanopi iliyochapishwa kwa rangi ya samawati au kijivu inatosha. Ipake vanishi inayong'aa sehemu ya kioo tu, mwili uache bila mng'ao. Tofauti hiyo ya mng'ao inalidanganya jicho vizuri. Na kwa modeli za kurusha, zile zinazoangukia pua kila mara, sioni sababu ya kuhangaika na plastiki.

Plastiki bapa

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Watu wanaona plastiki iliyokunjwa ni kazi ya mtoto, wanakimbilia moto. Lakini kwa kanopi yenye fremu, plastiki bapa inatoa kioo safi kuliko njia yoyote ya moto, kwa sababu haijaguswa na kitu. Hakuna wimbi wala ukungu, na alama za kalibu, yaani lile umbo gumu linalofinyangiwa plastiki, hazipo.

Suala ni plastiki ipi. Nimezijaribu tatu zinazopatikana kwenye duka lolote la stesheneri. Ya kwanza ni gamba la mbele la kubaindia ripoti. Ni rahisi kupata na lina ugumu mzuri, lakini mengi yana rangi ya samawati kwa mbali na huchubuka haraka. Liweke juu ya karatasi nyeupe kabla hujanunua, rangi itajionyesha. Ya pili ni ile karatasi ya plastiki ya projekta za zamani. Ni angavu sana na nyembamba, kama moja ya kumi ya milimita, inakunjika kwa mstari mkali ukiikwaruza kidogo kwanza. Kwa Bf 109 ndiyo ninayoipenda. Lakini tahadhari: baadhi zina upande mmoja wenye utando wa kushika wino, na utando huo una ukungu. Ifute kwa kitambaa chenye maji uone.

Ya tatu watu hawaifikirii: mfuko wa lamineshen. Ukiutazama mfuko huo mpya ni mweupe kama maziwa, ndiyo maana watu wanaupita. Ule weupe ni gundi iliyo ndani. Mwombe mwenye duka aupitishe mtupu kwenye mashine, ukingo uliofungwa utangulie, nao utatoka angavu na mgumu. Uzuri wake mwingine ni kwamba unaweza kukata fremu za karatasi kwanza, ukazipanga ndani ya mfuko, kisha ukaupitisha. Fremu zinabaki zimenaswa katikati ya plastiki, haziwezi kubanduka. Nilifanya hivyo kwa madirisha ya abiria ya Dakota na sikuhitaji tone la gundi kwenye kioo. Ila usijaribu kuufinyanga kwa moto, tabaka zake zinaachana.

Ukishapata plastiki, kata madirisha kwenye kipande cha fremu cha karatasi kwa wembe mpya. Nasema mpya kwa sababu wembe uliokwisha kukata kadi kumi huacha nyuzinyuzi kwenye kona, na nyuzi hizo nyuma ya kioo huonekana kama nyasi. Anzia kona ukivuta kuelekea katikati, geuza, anzia kona ya pili. Paka kingo za karatasi rangi ya fremu kabla ya kubandika, maana ule weupe wa ukingo uliokatwa ndio unaoisaliti modeli ya karatasi. Modeli nyingi za Poland hutoa fremu mara mbili, ya nje na ya ndani, ili plastiki ikae katikati kama nyama ndani ya mkate. Jarida la Mały Modelarz lilianza kuchapisha modeli za kukata huko mwaka 1957, na kile kipimo cha 1:33 kimeenea hasa kupitia Wapoland. Kama modeli yako haina fremu ya ndani, chapisha ukurasa huo mara mbili, nakala ya pili uigeuze kama taswira ya kwenye kioo, kushoto kuwe kulia.

Chupa ya soda

Sasa tuje kwenye tone la Mustang. Hapa nashindanisha njia mbili, na kwangu chupa inashinda.

Chupa ya soda au maji hutengenezwa kwa kuvutwa na kupulizwa ikiwa ya moto, kisha inapozwa haraka. Ule mvuto unabaki umefungwa ndani ya plastiki. Ukiipasha tena kupita kiasi cha nyuzi 80 za selsiasi, inataka kusinyaa irudi ilikotoka. Ukiweka kalibu ndani yake, chupa itajibana yenyewe juu ya kalibu bila wewe kusukuma chochote. Kazi ambayo wengine wanaifanya kwa mashine ya kufyonza hewa, chupa inaifanya bure.

Tafuta chupa yenye ubavu laini. Chupa nyingi za maji zina mifereji. Za soda za lita moja na nusu au mbili mara nyingi zina sehemu laini chini ya lebo. Kata kitako, ingiza kalibu ikilala kwa urefu wa chupa, kisha kaza kwa kabari ya mbao chini yake mpaka isitikisike. Hapo pasha. Bloa, ile wanayotumia mafundi simu, ndiyo bora kwa sababu unaweza kuuelekeza upepo. Draya ya nywele mara nyingi haifiki joto linalotakiwa. Jiko la gesi linaweza kufaa ukikaa mbali na moto, unageuza kama unavyogeuza mhindi, lakini ukisogea kidogo tu plastiki inaungua.

Tazama kwa makini kinachotokea. Kwanza chupa inatetemeka kidogo, kama ngozi inayosisimka. Halafu mikunjo midogo inatokea pembeni mwa kalibu, usiogope. Endelea kuzungusha hewa, usisimame mahali pamoja. Mikunjo inavutwa chini, plastiki inalala juu ya mgongo wa kalibu, na ghafla unaona mng'ao wa taa ukipita juu yake bila kukatika. Hapo acha mara moja. Ukizidisha, plastiki inaanza kuwa nyeupe kama maji ya mchele, na weupe huo hautoki tena. Iache ipoe yenyewe na kalibu ikiwa ndani.

Kasoro ya chupa ni kwamba kingo za chini za kanopi huwa hazibanwi vizuri. Dawa yake ni kuinua kalibu: iongezee kitako cha nusu sentimita hivi chini ya mstari halisi wa kanopi, ili mikunjo ibaki kwenye sehemu utakayoikata. Kasoro nyingine ni upana. Kanopi ndefu ya ndege ya watu wawili kwa 1:33 bado inaingia, lakini pua ya vioo ya ndege ya kudondosha mabomu kama Heinkel He 111 itakupa taabu.

Kusukuma kalibu kwenye plastiki ya moto

Njia ya pili ni kubana kipande cha plastiki kati ya fremu mbili za plaiwudi, kukipasha hadi kilegee katikati, kisha kukisukumizia kalibu. Inafanya kazi, na kwa umbo kubwa ni bora kuliko chupa. Ila inahitaji plastiki sahihi. Ile ya projekta niliyoisifu juu haifai hata kidogo hapa: imevutwa kiwandani na haitanuki, inajikunja na kukukasirisha. Tumia sehemu bapa ya mifuniko ya maboksi ya keki au vifungashio vya vifaa. Tazama namba ndani ya pembetatu. Namba 1 ni nzuri. Namba 6 huwa inakatika kama biskuti ukiikata. Namba 3 ni PVC. Inafinyangika vizuri, lakini ikiungua inatoa moshi wenye tindikali unaochoma koo na mapafu. Ukiitumia, kaa nje, na watoto wasiwe karibu.

Tofauti kubwa na chupa ni kwamba hapa plastiki inatanuka, kwa hiyo unene wake unapungua. Chupa inasinyaa, kwa hiyo haipungui unene. Pia huku una sekunde chache tu kati ya plastiki kulegea na kupoa, na mikono miwili haitoshi. Wenye sanduku la matundu lililounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi wanapata matokeo mazuri zaidi, hasa kingo. Ukiwa unatengeneza kanopi kumi za aina moja, lijenge. Kwa kanopi moja, hapana.

Kalibu, mahali kazi ilipo

Iwe chupa au kusukuma, kioo chako hakitakuwa kizuri kuliko kalibu yako. Plastiki inanakili kila kitu. Nilichonga kalibu ya kwanza kwa mbao ya paini, nikaipiga msasa hadi nikaridhika, na kanopi ikatoka na mistari ya mbao ndani yake kama alama za vidole. Kama unatumia mbao, chagua yenye chembe zilizoshikamana, na ujaze vinyweleo kabla ya msasa wa mwisho.

Lakini kwa modeli ya karatasi kuna njia iliyo nzuri zaidi, na naipenda kwa sababu karatasi yenyewe ndiyo inayokupa kalibu. Chapisha kanopi nakala ya ziada kwenye karatasi ya gramu 160. Iunganishe kama vile ungeitumia, pamoja na petali zake zote. Bandika selotepu nje yote, ndani paka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, safu nyembamba sana. Igeuze chini juu, ifukie kwenye bakuli la mchanga mkavu ili isitanuke, kisha jaza jipsamu, ile poda wanayotumia mafundi wa dari, iliyokorogwa kama uji mzito. Chomeka msumari mnene katikati uwe mkono wa kushikia. Baada ya nusu saa imeshika. Bandua karatasi.

Sasa angalia hesabu inavyokaa. Karatasi ya gramu 160 ina unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita. Ukuta wa chupa unakaribia hapo hapo. Kwa kuwa jipsamu ilijaa ndani ya karatasi, kalibu tayari ni ndogo kwa unene wa ngozi moja, na plastiki itakapolala juu yake itafika palepale karatasi ilipokuwa. Kanopi itakaa kwenye mwili wa ndege bila kupwaya. Ukichonga kwa macho kutoka kwenye mbao, kosa hili la unene ndilo linalokuumiza: kanopi inatoka pana kuliko shimo lake.

Petali zitaacha kona ndogo kwenye jipsamu. Ziondoe kwa msasa laini wenye maji, ukizungusha, mpaka kidole kisihisi kona. Halafu iache ikauke siku mbili kamili. Jipsamu yenye unyevu ikipigwa joto hutoa mvuke, na mvuke huo hunaswa chini ya plastiki kama malengelenge. Siku hizo mbili ndizo nilizowahi kuziruka, na nililazimika kukata chupa tatu zaidi.

Za kununua

Baadhi ya wachapishaji wa modeli huko Poland huuza kanopi zilizokwisha finyangwa, kila moja kwa modeli yake. Ni safi na zinakaa vizuri kama umechapisha modeli kwa ukubwa ule ule kabisa. Ukipunguza kurasa zako kwa asilimia chache ili ziingie kwenye A4, kanopi hiyo haitakaa. Kwa anayeishi Ulaya ni uamuzi rahisi. Kwetu, gharama ya posta huzidi bei ya kanopi yenyewe mara kadhaa, kwa hiyo mimi ningeagiza tu kwa ndege yenye vioo vingi, na pamoja na vitu vingine.

Kubandika

Hapa kazi nzuri huharibika. Supagluu usiilete karibu na kioo. Mvuke wake hutua kwenye plastiki na kuacha ukungu mweupe, na ukifunga chumba cha rubani kabla haujaisha, ukungu unatokea kwa ndani usipoweza kufika. Niliamka asubuhi nikakuta kioo cha P-51D kimekuwa kama kioo cha bafuni, na njia pekee ilikuwa kuing'oa na karatasi yake. Tangu siku hiyo hata viti na mikanda ya ndani nikivibandika kwa supagluu, naviacha wazi usiku kucha kabla ya kufunika.

Gundi nyeupe ya mbao haina nguvu sana kwenye plastiki ya chupa, lakini inakauka angavu na inafutika kwa kitambaa kibichi ukikosea. Kwaruza ukingo wa plastiki kwa msasa sehemu itakayofunikwa na fremu, gundi itashika vizuri zaidi. Gundi ya viatu inashika imara mno, ila inavuta nyuzi, na uzi mmoja ukipita juu ya kioo umekwisha. Mimi naitumia kwenye plastiki bapa ndani ya fremu peke yake, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Kabla ya kufunga, ukitaka kanopi ibaki wazi, fikiria tena njia uliyochagua. Kanopi ya Bf 109 hufunguka kwa kulala upande wa kulia, kwa hiyo fremu ya ndani itaonekana yote. Plastiki bapa yenye fremu mbili inakuwa nzuri kweli hapo. Ya Mustang inateleza nyuma juu ya mgongo wa ndege, na ukingo wake wote wa chini uko hewani mbele ya macho. Ukate ukingo huo kidogo kidogo, kalibu ikiwa bado ndani, kisha upitishe msasa laini, halafu dawa ya meno kwa kitambaa cha pamba mpaka weupe wa msasa upotee.